Dramu Iliyogoma Kutoka

Wadau, leo siasa tuipumzishe. Wiki nzima kazini nimeandika habari za vikao na semina, na hapa kwangu nina uhuru wa kuandika ninachopenda. Wiki hii ninapenda chuma. Tena si chuma chochote, ni kifaa kimoja ambacho mafundi wetu wanakiita pula, kile cha kung'olea dramu za breki kwenye magari ya kizamani. Najua kuna watakaosema huyu naye kaishiwa mada. Subirini kwanza. Kifaa hiki kina historia ndefu kuliko umri wa babu zetu, na kina mchango wake katika sababu zinazofanya magari ya wazee wetu yafie gereji badala ya kufia barabarani.

Tuanze na swali lenyewe. Kwa nini dramu igome? Ukifungua tairi la nyuma la Toyota ya kawaida yenye breki za dramu, dramu unaivuta kwa mikono. Ikileta ubishi, ina matundu mawili yenye uzi. Unakaza bolti mbili humo, dramu inajisukuma yenyewe. Kazi imekwisha, unaagiza chai. Sasa nenda kwenye Volvo Amazon ya miaka ya 60. Unafungua tairi, unatoa pini, unafungua nati kubwa ya katikati, unavuta. Wapi. Unavuta na mwenzako, mguu mmoja umeukanyagia kwenye bodi. Wapi. Hapo ndipo mtu anapoitisha nyundo, na hapo ndipo hasara inapoanza, kwa sababu tatizo halikuwa nguvu. Tatizo ni umbo la ekseli, na umbo hilo lina historia.

Breki za mwanzo kabisa za magari zilikuwa za kubahatisha: kipande cha mbao au ngozi kinasukumwa kwenye gurudumu kama mkokoteni, au mkanda unaozungushwa nje ya gurudumu, ambao ukilowa matope haukamati. Mwaka 1902 Mfaransa Louis Renault alikuja na dramu kwa namna tunayoijua leo, yaani vile vipande vya kubana, ambavyo mafundi wanaviita shu, vikikaa ndani ya dramu na kutanuka kwenda nje. Wajerumani nao wana dai lao, maana Wilhelm Maybach alishatumia aina ya dramu kwenye Mercedes ya mwaka 1901, lakini heshima ya uvumbuzi vitabu vingi vimempa Renault. Uzuri wa kuweka shu ndani ni kwamba mvua na mchanga havizifikii kirahisi. Ubaya wake ni kwamba na wewe huzifikii kirahisi. Kila ukitaka kuziona, dramu lazima itoke.

Halafu akaja Henry Ford. Ford Model T ilitengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, zaidi ya magari milioni 15. Breki yake ya mguu haikuwa hata kwenye magurudumu, ilikuwa kwenye giaboksi. Dramu za nyuma zilikuwa za hendibreki. Lakini tunachokitafuta ni namna gurudumu la nyuma lilivyofungwa. Ncha ya ekseli ilichongwa ikawa inapungua unene kuelekea nje, kama ncha ya penseli, ila kwa mteremko mdogo sana. Habu ya gurudumu nayo ilitobolewa tundu la umbo hilo hilo. Unaisukuma habu juu ya ncha, unakaza nati, na kadiri nati inavyokaza ndivyo habu inavyopanda ule mteremko na kubana. Katikati yao kuna kipande kidogo cha chuma, mafundi wanakiita kii, ambacho kazi yake ni kuzuia habu isizunguke peke yake. Lakini mzigo mkubwa haubebwi na kii. Unabebwa na ule mbano wa chuma juu ya chuma.

Waliosoma fizikia sekondari watanielewa. Mteremko ukiwa mdogo, kitu kilichosukumwa juu yake hakirudi chenyewe, msuguano unakishikilia. Viwanda vilipenda mtindo huu: ni rahisi kuchonga, habu inajiweka katikati yenyewe, na ikishakaa haichezi hata unywele. Tupige hesabu ya haraka. Nati ya kipenyo cha milimita 19 ikikazwa kwa nguvu ya kama Nyutonimita 135, inaisukuma habu kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani tatu na nusu. Ongeza miaka 50 ya kutu, joto la breki na mizigo ya mahindi. Wewe unataka uitoe kwa mikono? Haya.

Sasa hapa ndipo ninapoheshimu wahandisi wa zamani. Walijua kabisa kwamba wanafunga kitu kisichofunguka, kwa hiyo kila kiwanda kiliacha mahali pa kushika. Kwenye Model T, habu ilikuwa na uzi kwa nje wa kufungia kifuniko chake. Unatoa kifuniko, unafunga pula kwenye uzi ule ule, unakaza bolti ya katikati dhidi ya ncha ya ekseli, habu inatoka. Kwenye Model A iliyofuata, na kwenye magari madogo ya Ford hadi 1948, habu ina mfuo unaoizunguka. Pula yake inaushika mfuo huo kama bangili. Chrysler pamoja na ndugu zake Plymouth na Dodge, ambao waling'ang'ania ekseli hizi za kuchongoka hadi magari ya mwaka 1964, wao hawakuwa na uzi wala mfuo. Pula yao inafungwa pale pale panapofungwa tairi.

Mahali pa kushika panabadilika, lakini daima pako karibu na katikati, kwenye habu. Sijaona kiwanda hata kimoja kilichokusudia uvute kwenye ukingo wa dramu. Kwa hiyo swali la kuchagua pula, ambalo vijana wenzangu walionunua magari haya wananiuliza kama vile mimi ni muuza vifaa, si swali la bei wala la jina lililoandikwa kwenye boksi. Ni swali la kusoma gari lako: aliyelitengeneza alitaka ushike wapi?

Katikati ya hadithi hii kuna mabadiliko yaliyofanya dramu zifunguliwe mara nyingi zaidi. Breki za waya na fimbo zilipisha breki za mafuta. Mmarekani Malcolm Loughead, yule ambaye jina lake baadaye liliandikwa Lockheed, alipata hataza ya breki za mafuta mwaka 1917. Duesenberg wakaziweka magurudumu yote manne kwenye gari la mwaka 1921, Chrysler wakazileta kwa mtu wa kipato cha kati mwaka 1924, na Ford, kwa ubishi wake unaojulikana, akasubiri hadi magari ya 1939. Breki za mafuta ni nzuri, ila zina vikombe vya mpira ndani ya silinda ndogo kwenye kila gurudumu. Gari likikaa, mpira unakauka, mafuta yanavuja, shu zinalowa. Ndiyo maana gari la marehemu mzee lililokaa chini ya mwembe miaka kumi na tano, kitu cha kwanza linachodai ni dramu zifunguliwe. Na kitu cha kwanza linachokataa ni hicho hicho.

Turudi kwetu Afrika Mashariki, maana habari hii si ya Wamarekani peke yao. Mwaka 1953 yalianza mashindano ya magari ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yaliyokuja kuitwa East African Safari na baadaye Safari Rally. Mwaka 1965 walioshinda ni ndugu wawili wa Kenya, Joginder Singh na Jaswant Singh, wakiwa na Volvo PV544. Joginder alizaliwa Kericho mwaka 1932, akajifunza ufundi kwenye gereji ya baba yake, akaja kushinda tena Safari mwaka 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi Lancer. Gari lile la 1965 lilikuwa la mkono wa pili, lilikuwa mali ya timu ya kiwanda kabla hajalichukua. Wengi wanapoisimulia habari hii wanasimulia udereva. Mimi ninaisimulia kwa upande wa gereji. Ile PV544, kama mdogo wake Amazon, ni ya ukoo wa magari ambayo dramu ya nyuma na habu ni kitu kimoja, kimekaa juu ya ekseli iliyochongoka. Huwezi kuitunza bila pula. Kwa hiyo katika miaka hiyo mtu aliyelea gari la aina hiyo Nairobi, Kampala au Dar es Salaam alikuwa na pula ukutani, au alimjua mwenye nayo.

Leo pula hizo ziko wapi? Nyingi zilikuwa mali ya mawakala wa magari. Waingereza, kwa mfano, walikuwa na kampuni ya V.L. Churchill iliyotengeneza vifaa maalumu vya viwanda kama Triumph, na vifaa hivyo vilikusudiwa karakana za mawakala. Gari liliuzwa kwa mteja, pula ikabaki kwa wakala. Wakala alipofunga, pula ikaenda kwenye chuma chakavu pamoja na vitabu vyake. Gari likabaki.

Matokeo yake niliyaona mwaka jana kwenye gereji moja hapa Dar, ambayo sitaitaja. Amazon ya marehemu baba yake rafiki yangu ilikuwa imenyanyuliwa kwa jeki, na vijana wawili walikuwa wameshika pula ya makucha matatu, ile ya kutolea beringi, wameining'iniza kwenye ukingo wa dramu na wanakaza huku wengine wakigonga. Katikati dramu imeng'ang'ania, pembeni inavutwa. Chuma cha kuyeyushwa hakina subira. Kipande cha ukingo kikaruka, kikaangukia mfereji wa maji. Mzee mmoja aliyekuwa anafunga injini upande wa pili akaja, akaangalia, akamwambia mkubwa wa wale vijana, "Mwanangu, hiyo ungenifuata tu." Yule kijana akajibu, "Shikamoo mzee, hatukujua." Ndiyo hivyo. Hiyo dramu Gerezani huipati. Ikitoka Ulaya ni kilo kadhaa za chuma zinazosafiri kwa ndege, na unanunua mbili ili zilingane.

Na huyo alikuwa na bahati, maana dramu iliyovunjika unaiona. Mbaya zaidi ni ile inayopinda bila kuvunjika. Inarudishwa, gari linatembea, na kila ukikanyaga breki pedali inakurudisha mguu juu chini, kwa sababu dramu si duara tena.

Kwa hiyo, pula gani? Kwa gari ambalo habu na dramu ni kitu kimoja na tairi linafungwa kwa stadi, yaani zile bolti zilizosimama, chukua pula inayofungwa kwenye stadi hizo. Pima kwanza. Amazon ina stadi tano kwenye duara la milimita 114.3, Ford Model A tano kwenye milimita 139.7. Bolti ya katikati iwe nene, milimita 25 si nyingi, na ncha yake izunguke bila kukwangua ekseli. Zile nzuri zina mkono mfupi mzito wenye umbo la mfupa wa mbwa, ambao unapigwa kwa nyundo ili kukaza. Ukikosa ya dukani, fundi mkereza vyuma anaweza kukuchongea: bamba nene la chuma, matundu yanayolingana na stadi zako, na uzi wa katikati ulionyooka. Bamba jembamba usikubali, litapinda kabla habu haijatikisika.

Kuna pula nyingine ya bei rahisi sana, kikofia kinachofungwa kwenye ncha ya ekseli halafu unakipiga nyundo. Inavutia kwa sababu haina mambo mengi. Mimi siipendi. Pigo la nyundo halibaki kwenye kikofia, linasafiri kupitia ekseli hadi kwenye beringi na ndani ya difu. Umeokoa bei ya pula, umenunua beringi.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha gari lako linahitaji pula kweli. Land Rover za zamani na Morris Minor dramu zake zimeshikwa na skrubu tu. Ukishazitoa na kulegeza shu, kazi inayobaki ni ya kutu. Triumph Herald na Spitfire ni mtego: dramu inatoka yenyewe, lakini habu iliyo nyuma yake imebana kwenye ekseli iliyochongoka, na hiyo ndiyo iliyovunja mioyo ya watu wengi Uingereza. Na Volkswagen ile ya mgongo wa kobe haina mteremko kabisa. Ina meno yanayoingiliana, na vita yake ni nati yenyewe, ya milimita 36, iliyokazwa kwa karibu Nyutonimita 300. Hapo huhitaji pula kwanza, unahitaji bomba refu na rafiki mzito.

Tuseme basi pula unayo. Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe au magogo, weka stendi chini ya ekseli, usiamini jeki peke yake. Legeza hendibreki, halafu legeza marekebisho ya shu, maana dramu iliyotumika sana ina ukingo kwa ndani na shu zikibaki zimetanuka zitaukamata hata habu ikishaachia. Toa pini. Legeza nati, lakini usiitoe. Iache imeshika uzi, mizunguko michache tu kutoka mahali pake. Hili naomba lisisahaulike. Habu ikiachia inaachia kwa kishindo, kwa mlio kama wa risasi, na isipokutana na nati itakutana na magoti yako. Isitoshe, nati inaulinda uzi wa ncha ya ekseli usipondwe na pula.

Funga pula, kaza, piga mkono wa pula mara chache, kisha ngoja. Mafuta ya kulainisha kutu yasaidie, na usiku kucha usaidie zaidi. Wazee wanakaza jioni, wanaenda kulala, asubuhi wanakuta dramu imeshaachia yenyewe. Ikigoma siku ya pili, kaza tena kidogo. Moto uwe wa mwisho kabisa, upashwe habu na si ekseli, na mkumbuke humo ndani kuna mpira na grisi.

Ikishatoka, msifurahi mkasahau vumbi. Mwaka 1908 Mwingereza Herbert Frood, mwanzilishi wa Ferodo, alianza kutumia asbesto kwenye lainingi za breki, na kwa miongo mingi iliyofuata karibu dunia nzima ikafanya hivyo kwa sababu asbesto inastahimili joto. Ikija kuwa vumbi na kuingia mapafuni inaleta saratani, na inaweza kuchukua miaka ishirini, thelathini na zaidi kabla haijajitokeza. Dramu iliyofungwa tangu 1970 ina vumbi la 1970. Na sisi tunafanya nini? Saidia fundi, mtoto wa miaka kumi na saba, anainama anapuliza kwa mdomo, au analeta kompresa, wingu linajaa gereji nzima na mama ntilie anapakua wali mita tatu pembeni. Maji na kitambaa vinatosha. Lowesha kabla hujagusa, futa, kitambaa kiingie kwenye mfuko na mfuko ufungwe. Ukitaka kuwa mkali gereji kwa jambo moja, kuwa mkali kwa hili.

Wakati wa kurudisha, safisha mteremko wa ekseli na tundu la habu hadi viwe vikavu. Vitabu vingi vya kiwanda havitaki grisi pale. Angalia kii kama imelika, maana habu iliyotembea ikiwa imelegea huila kii kwanza, halafu ekseli. Kaza kwa spana ya kipimo kama kitabu cha gari lako kinavyosema. Tundu la pini lisipolingana na nati, usirudishe nyuma hata kidogo, kaza mbele mpaka lilingane. Endesha kilomita chache, simama, angalia tena kama nati bado inakubali kukaza, ndipo uweke pini mpya na kuikunja.